Miezi ya Uranus: tubaki na majina ya Shakespeare au tuipe ya kwetu?

Mwalimu wa Uyole (mleta mada)

Habari za jioni ndugu zangu. Naleta jambo lililogawa kikao cha walimu shuleni kwetu wiki iliyopita, kwa sababu naona ni kubwa kuliko ukuta wa darasa moja.

Nafundisha Jiografia hapa Uyole. Novemba 2025, kabla mvua hazijakolea, nilikuwa natoka nje na wanafunzi wa bweni baada ya prepo, tuna darubini moja ya macho mawili tunayopokezana. Mwezi huo Uranus ilikuwa jirani na Kilimia, kile kikundi cha nyota, kwa hiyo kuitafuta hakukuwa na taabu: unakipata Kilimia kikipanda mashariki, unasogeza darubini kidogo kulia, unakaona kanukta ka kijani kilichochanganyika na buluu, kametulia, hakametimeti kama nyota. Ndiyo hiyo. Sayari inayotumia miaka 84 kulizunguka jua mara moja. Miezi yake huioni kwa darubini kama yetu hata ukeshe.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili, bado kaishika darubini, akauliza miezi hiyo inaitwaje. Nikamtajia mitano mikubwa: Miranda, Ariel, Umbriel, Titania, Oberon. Akauliza ni akina nani. Nikaeleza kwamba Oberon na Titania ni mfalme na malkia wa vibwengo katika tamthilia ya Shakespeare, Miranda ni binti katika tamthilia yake nyingine, na Umbriel katoka kwenye shairi la Alexander Pope, Mwingereza pia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo kuna mtu alikuwa na vitabu vyake mezani, akachagua."

Sikuwa na cha kuongeza. Ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyofuata wakaja na manila. Uranus wameichora kwa kuzungushia mfuniko wa sufuria, wakailaza ubavu kama inavyotakiwa, maana mhimili wake umeinama nyuzi 98. Miezi mitano wameipaka rangi na chini ya kila mmoja wameandika jina kwa maka pen. Ariel, ambao ndio mweupe kuliko yote, wameuita Nuru. Umbriel, mweusi kuliko yote, wameuita Mkaa. Miranda, ambao una jabali linalokadiriwa kufika kilomita 20 kwenda juu, wameuita Kitonga. Aliyewahi kupanda mlima Kitonga ndani ya basi usiku ataelewa kwa nini. Titania wakauita Rungwe kwa kuwa ndio mkubwa. Oberon wakauita Mkwawa.

Manila ilikaa ukutani siku mbili. Mtaaluma akaibandua. Hoja yake: Baraza la Mitihani halimjui Kitonga wa angani, na mtoto akiandika Mkaa badala ya Umbriel amekosa alama. Sikasiriki naye, anatetea watoto hao hao ninaowatetea mimi. Lakini sikubaliani naye, na sababu yangu ni historia ya majina yenyewe.

William Herschel aliiona sayari hii tarehe 13 Machi 1781, akiwa Bath, Uingereza. Alitaka iitwe kwa jina la mfalme wake, George wa Tatu. Wanajimu wa nchi nyingine wakakataa. Bode wa Ujerumani akapendekeza Uranus, na ikachukua miongo hadi Waingereza wenyewe wakaliacha lile la mfalme kwenye vitabu vyao vya mabaharia, mwaka 1850. Yaani jina la sayari nzima lilibishaniwa karibu miaka 70. Titania na Oberon, alizoziona Herschel huyo huyo mwaka 1787, zilikaa miaka 65 zikitajwa kwa namba tu. Mwingereza mwingine, Lassell, alipoiona Ariel na Umbriel mwaka 1851, akamwomba John Herschel, mtoto wa yule wa kwanza, aitafutie miezi yote minne majina. Huyo ndiye aliyekuwa na vitabu mezani. Tangu hapo ikawa desturi: mwezi wa Uranus lazima utoke kwa Shakespeare au Pope. Kufikia Agosti 2025 imehesabiwa 29, na ule wa mwisho, uliopatikana kwa darubini ya James Webb, ulitangazwa kwa namba tu: S/2025 U1. Una kipenyo cha kilomita 10 hivi. Umbali wa kutoka hapa Uyole hadi Mwanjelwa, basi.

Swali langu: kwa nini mtoto wa Mbeya asiruhusiwe kuuita kwa jina lake, hata darasani tu? Na kwa nini nchi kama yetu isiombe desturi hiyo ifunguliwe?

Kijana wa Mafinga

Shikamoo mwalimu. Mimi nampa haki mtaaluma, na nitasema kwa nini, kwa sababu mimi ni matokeo ya majina ya kienyeji yaliyotungwa bila mpango.

Shule ya msingi tuliimba sayari kwa Kiswahili: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mihiri, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Tuliimba hadi tukasinzia nayo. Nilipofika Kidato cha Kwanza nikakutana na majina ya Kiingereza nikasema si tatizo, nitayapanga sambamba. Kumbe orodha yenyewe ilikuwa imechanganyikiwa. Zohali tuliyofundishwa kuwa ndiyo Uranus, kwa Waarabu na kwa mabaharia wa pwani ni Saturn, tangu kale. Sarateni, Sumbula na Kausi si sayari kabisa, ni makundi ya nyota: kaa, suke na upinde. Utaridi tuliyoiweka mwisho kabisa mahali pa Pluto ndiyo jina la asili la ile ya kwanza iliyo karibu na jua. Na ile ya kwanza tukaiita Zebaki, kwa sababu mtu fulani aliona neno la Kiingereza, Mercury, lenye maana mbili, akatafsiri ile ya madini.

Kwa hiyo kabla hatujaipa miezi ya Uranus majina, Uranus yenyewe tunaiitaje kwa Kiswahili? Nyumba haijasimama tunagombania mapazia.

Mama wa Njombe

Kamwene wote. Mimi nalima viazi, sayansi yenu sijui, ila hilo la Kilimia limenigusa. Bibi yangu alikuwa anaangalia Kilimia ndipo anatuambia tuandae mashamba. Kilimia ni cha kulimia, jina linakwambia kazi yake. Na wazee wa pwani wana methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa hiyo miezi ya mbali haituletei mvua wala haituzuii baridi. Jina lake likiwa la Mzungu linanipunguzia nini?

Mwalimu wa Uyole

Mama, kamwene. Halikupunguzii kitu shambani. Lakini mjukuu wako akija shuleni atakuta anga lote lina wenyewe, na Kilimia cha bibi yako hakimo kwenye kitabu. Kina jina la Kigiriki. Nataka ajue kwamba kutaja nyota ni kazi ambayo na sisi tuliifanya, na tuliifanya vizuri.

Kijana wa Mafinga, marahaba. Umenipiga mahali panapouma. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Wimbo huo hata mimi niliuimba, na kuhusu Zebaki sikuwahi kuwaza hivyo. Nitarudi kwako.

Msangu wa Mbarali

Mwalimu, niulize kwa heshima: huyo Mkwawa mmemweka kwa ridhaa ya nani? Wahehe wanayo haki ya kumwenzi shujaa wao, aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na hakukubali kukamatwa hai. Lakini kwetu Usangu kuna kumbukumbu nyingine. Sisi ni watu wa mtemi Merere. Wahehe walitutoa Utengule tukakimbilia milimani. Babu zangu walisimulia hayo kama watu wanavyosimulia njaa. Watoto wetu wako humo humo darasani. Ukiwaambia mwezi wa angani ni Mkwawa, unawaambia nini?

Binti Gangilonga

Mimi ni Mhehe wa Iringa na nilifurahi sana kuliona jina lile, sifichi. Lakini kaka wa Mbarali ana haki ya kuuliza.

Tena hata ukiomba, halitapita. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ndio wenye mamlaka ya majina haya, una kanuni inayokataza majina ya wanasiasa, watu wa vita na wa dini wa karne ya 19 kuja huku. Mkwawa alifariki 1898. Nadhani kanuni ile ilitungwa na watu waliokwisha kugombana kama tunavyogombana hapa. Si walianza na mfalme George?

Ila mlango wa tamaduni nyingine umeshafunguliwa, mwalimu, hapo uko sahihi. Miezi ya nje ya Saturn, zamani yote ilikuwa Ugiriki na Roma, sasa lipo kundi zima lenye majina ya Wainuti wa kule kwenye barafu: Kiviuq, Paaliaq, Siarnaq. Kuna gimba dogo ng'ambo ya Neptune lililopewa jina la binti mhanga (yule mnyama anayekula mchwa) wa hadithi za Wasani wa kusini mwa Afrika, jina lenye milio ya ulimi ambayo kinanda cha simu yangu hakiwezi kuiandika. Kama Wasani wameingia, kwa nini sisi tubaki mlangoni?

Mchangiaji wa Vwawa

Sisi wa Songwe tuna Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma, mnakipita kila siku mkienda Tunduma. Vimondo duniani hupewa jina la mahali vilipopatikana. Kwa hiyo "Mbozi" ni jina la kisayansi, limo katika orodha za dunia nzima, na hakuna aliyebishana. Majina ya mahali hayana ugomvi. Kitonga na Rungwe ziacheni.

Halafu mnasahau la 2019. Umoja huo ulipotimiza miaka 100 ulizipa nchi nafasi, kila nchi nyota moja na sayari yake. Tanzania tulipewa ile iliyokuwa inaitwa WASP-71. Nyota tukaiita Mpingo, sayari tukaiita Tanzanite. Imo rasmi. Nani kati yenu aliwahi kuiona kwenye kitabu cha shule?

Mwalimu wa Uyole

Sikuijua, na mimi ndiye mwalimu. Asubuhi niliwauliza wenzangu watatu pale tunapokaa, hakuna aliyeijua. Asante sana ndugu wa Vwawa.

Lakini sasa nimekaa nikiitazama hiyo jozi. Mpingo ni wetu kabisa, mti wa Lindi na Mtwara, jina la Kiswahili, mzigo wake unaujua ukiwahi kuinua kinyago. Hiyo nyingine, Tanzanite, jina lake lilitungwa na Tiffany, wauza vito wa New York, mwaka 1968, ili jiwe liuzike. Tulipewa nafasi ya kutaja sayari nzima, nusu ya nafasi tukaitumia kurudisha jina la biashara. Sisemi waliochagua walikosea, jiwe ni la Mererani na tunajivunia. Nasema nilidhani tatizo ni mlango kufungwa.

Mmakua wa Tunduma

Wakuu, nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni Mmakua, nimezaliwa Masasi, nafanya biashara hapa mpakani. Mnazungumza kana kwamba hakuna jina la kwetu kule Uranus. Lipo.

Umbriel, huo mwezi watoto walioupa jina Mkaa, mashimo yake makubwa yamepewa majina ya pepo na viumbe wa giza kutoka hadithi za mataifa, kwa kuwa mwezi wenyewe ni mweusi. Shimo mojawapo linaitwa Minepa. Ni neno la Kimakua. Katika orodha rasmi limeelezwa kuwa ni pepo mbaya wa Wamakua wa Msumbiji.

Sasa niwaambie. Kwetu munepa ni roho ya mtu aliyefariki. Minepa ni wengi wao, waliotutangulia. Mama yangu alipokuwa anamwaga unga chini ya mti alikuwa anazungumza na minepa: na baba yake, na dada yake aliyefariki kwa uzazi. Hakuwa anazungumza na pepo wabaya.

Chombo cha Voyager 2 kilipita kule tarehe 24 Januari 1986, ndicho pekee kilichowahi kufika. Kikapiga picha, watu wakahitaji majina ya mashimo, mtu akafungua kitabu akatafuta "pepo wabaya, Afrika" akakuta neno. Naamini kitabu hicho kiliandikwa na mtu aliyetusikia tukitaja minepa akaandika anavyojua yeye. Jina letu liko kule miaka yote hii. Bibi yangu yuko kule, ameandikwa ni shetani.

Kwa hiyo dada wa Gangilonga, kuingia tumeingia.

Binti Gangilonga

Sijui niseme nini. Pole, kaka.

Kijana wa Mafinga

Hii ndiyo Zebaki yangu, ila imekwenda upande wa pili. Kule ni sisi tuliotafsiri neno la wenzetu bila kuuliza, huku ni wao wametumia la kwetu bila kuuliza.

Mmakua wa Tunduma

Lakini niseme na la pili, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Katika zoezi lile la 2019 alilotaja ndugu wa Vwawa, wenzetu wa Msumbiji walichagua Kimakua. Nyota HD 7199 wakaiita Emiw, upendo, na sayari yake Hairu, umoja. Safari hiyo maelezo waliyaandika wenyewe. Mkitaka kuona tofauti, wekeni Minepa na Emiw ukurasa mmoja.

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wa Tunduma, ndaga fijo, kama tunavyosema huku. Nimeusoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya Kidato cha Pili leo kipindi cha tano, bila kutaja ulipo. Yule binti wa swali la kwanza akauliza kama maelezo yale yanaweza kurekebishwa. Sikutaka kumwahidi. Nikamwambia tutaandika barua, na kwamba barua hiyo aianze yeye, lakini kabla haijatoka tutakutumia wewe uisome, kwa kuwa neno ni lenu.

Sasa nijibu wote, maana kikao ni Jumatatu na nimebadilika.

Nilianza nikitaka majina yetu yachukue nafasi ya yale. Hilo naliacha. Titania ibaki Titania. Kijana wa Mafinga amenishawishi kwamba majina mawili yasiyo na mpango yatamkuta mtoto njiani na kumpotosha, na mtihani ni mtihani, nisiwachezee watoto wa watu. Kwenye manila jina la kimataifa litakaa juu, kwa herufi kubwa.

Chini yake litakaa jina la darasa, na mbele yake sababu. Hilo siliachi, hata mtaaluma aibandue mara kumi. Nimeona kwa macho yangu: hakuna mtoto katika darasa lile anayesahau kwamba Umbriel ni mweusi na Ariel ni mweupe, tangu walipoziita Mkaa na Nuru. Waliokuwa wanakariri sasa wanajua. Mkwawa itaondoka, kwa alichosema ndugu wa Mbarali zaidi ya hiyo kanuni. Nimewaambia watoto wenyewe wajadiliane upya. Wasangu na Wahehe wa darasa hilo wamepewa Oberon pamoja na hawatoki mpaka wakubaliane.

Safu ya tatu ndiyo mpya, na imetoka kwenu. Nani alichagua jina, mwaka gani, na kutoka wapi. John Herschel, 1852, Shakespeare. Kuiper aliyeiona Miranda mwaka 1948, Shakespeare tena. Na kwenye Umbriel nitaweka mstari wa Minepa, maelezo ya orodha rasmi upande mmoja, na maelezo ya mama wa ndugu yetu upande wa pili, unga chini ya mti, kama alivyoyaandika hapa, akiniruhusu.

Kuhusu kuomba desturi ya Uranus ifunguliwe kama ya Saturn, bado nataka. Ila nadhani tuanze na hilo la Minepa. Ni dogo, lina ushahidi, na lina mwenyewe aliye hai wa kulisemea.

Mmakua wa Tunduma

Ruhusa unayo, mwalimu. Uongeze na dada yake mama. Alikuwa anamwita kwa jina kila mara, lakini jina lake usiliandike.

Mama wa Njombe

Na Kilimia mkiweke pembeni hapo kwenye karatasi, kwa kuwa mmesema Uranus mliipatia kwake.

Fundi Mabango, Mwanjelwa

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ndiye nitakayeichapa hiyo karatasi kubwa, umenitumia picha ya manila jana. Nimepanga sayari zote pembeni kama ulivyotaka, lakini nimekwama. Kwenye manila wanafunzi wameandika Mihiri, wewe kwenye ujumbe umeandika Mirihi. Na pale pa Uranus kuna mtu ameandika Zohali kwa penseli, kisha akaifuta nusu. Karatasi ni moja na wino wa rangi ukishatoka haurudi. Niambie kabla ya Ijumaa saa nne, nikate kipi.

Mwalimu wa Uyole

Mirihi. Na Zohali ihamishie kwa Saturn, fundi, pale ilipokuwa tangu zamani. Uranus iandike Uranus, na mbele yake uache sentimita tano wazi. Nataka wakiuliza kwa nini pako wazi, waniulize mimi.